Injini Mpya, Ekseli ya Zamani: Kulinganisha Uwezo wa Ekseli ya Mbele na Injini Iliyobadilishwa

Malengo ya sehemu hii

Baada ya kusoma sehemu hii, mwanafunzi aweze:
(a) kutumia kanuni ya momenti kukokotoa uzito unaoongezeka kwenye ekseli ya mbele injini inapobadilishwa;
(b) kutaja sehemu zinazoamua uwezo wa ekseli ya mbele;
(c) kueleza kwa nini ekseli iliyozidiwa haivunjiki siku ya kwanza;
(d) kupendekeza marekebisho yanayofaa na kukataa yasiyofaa.

1. Tatizo lenyewe

Mwenye lori anakuja gereji. Lori lake lina injini ya lita 6, na kila akipanda mlima akiwa na mzigo anashikwa na foleni nyuma yake. Amepata injini ya lita 11 iliyotolewa kwenye lori lingine, nzima, kwa bei nzuri. Anamwomba fundi aifunge.

Fundi anapima nafasi chini ya kabini, anaangalia giaboksi, anahesabu boli za mauntini. Vyote vinawezekana. Swali moja halijaulizwa: ekseli ya mbele itabeba?

Injini za dizeli hutofautiana sana kwa uzito. Injini maarufu ya Cummins 6BT ya lita 5.9 ina takriban kilo 500 ikiwa tupu, yaani bila oili wala maji. Cummins ISX15 ya lita 15 inafika takriban kilo 1,350. Anayetoka injini ndogo kwenda kubwa anaweza kuongeza uzito wa ng'ombe mmoja au wawili kwenye pua ya gari, na uzito huo hautashuka hata lori likiwa tupu.

Watahiniwa wengi hujibu kwamba injini yenye nguvu zaidi inahitaji ekseli ya mbele imara zaidi kwa sababu ya nguvu zake. Jibu hilo si sahihi. Katika lori linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ekseli ya mbele haipokei nguvu ya injini kabisa. Inachopokea ni uzito wa injini. Kwa hiyo usihesabu nguvu farasi. Hesabu kilo, na uangalie kilo hizo zimekaa wapi.

(Lori linaloendeshwa na magurudumu yote ni habari nyingine. Hapo ekseli ya mbele ina difu yake, na nguvu ya kuzungusha kutoka injini huzidishwa na gia kabla ya kuifikia. Ni lazima mambo mawili yakaguliwe: uzito na nguvu ya kuzungusha.)

2. Kumbuka kanuni ya momenti

Momenti ni kani mara umbali wa wima kutoka kwenye egemeo hadi kwenye mstari wa kani. Kitu kikiwa kimetulia, jumla ya momenti za upande mmoja ni sawa na jumla ya momenti za upande wa pili.

Lichukue lori kama ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili. Jiwe la mbele ni ekseli ya mbele, jiwe la nyuma ni ekseli ya nyuma. Ukiweka tofali katikati ya ubao, kila jiwe linabeba nusu. Ukilisogeza tofali kuelekea jiwe la mbele, jiwe hilo linabeba zaidi. Ukilipitisha mbele ya jiwe la mbele, kwenye ncha ya ubao inayoning'inia, ubao unataka kunyanyuka upande wa nyuma. Hapo jiwe la mbele linabeba zaidi ya uzito wa tofali zima, na jiwe la nyuma linapunguziwa mzigo.

Shika picha hiyo, maana ndiyo inayowakosesha wengi alama, na mafundi wengi ekseli.

Tukichukua ekseli ya nyuma kuwa egemeo, sehemu ya mzigo inayokwenda mbele ni:

Mzigo wa mbele = tungamo × (umbali wa kitu kutoka ekseli ya nyuma ÷ umbali kati ya ekseli mbili)

Kwa kuwa graviti ni ileile pande zote mbili za mlinganyo, tunaweza kufanya hesabu kwa kilo moja kwa moja. Tutageuza kuwa nyutoni pale tu tutakapohitaji kani.

3. Mfano wa 1: Injini peke yake

*Lori lina umbali wa m 4.0 kati ya ekseli mbili. Injini ya zamani ina kg 550, na kitovu chake cha graviti kiko m 0.4 nyuma ya ekseli ya mbele. Injini mpya ina kg 1,050. Kwa kuwa ni ndefu, kitovu chake kimeangukia m 0.2 mbele ya ekseli ya mbele. Tafuta ongezeko la uzito kwenye kila ekseli.*

Suluhisho

Injini ya zamani: umbali kutoka ekseli ya nyuma = 4.0 − 0.4 = m 3.6
Mzigo wa mbele = 550 × 3.6 ÷ 4.0 = kg 495
Mzigo wa nyuma = 550 − 495 = kg 55

Injini mpya: umbali kutoka ekseli ya nyuma = 4.0 + 0.2 = m 4.2
Mzigo wa mbele = 1,050 × 4.2 ÷ 4.0 = kg 1,102.5
Mzigo wa nyuma = 1,050 − 1,102.5 = −kg 52.5

Ongezeko la mbele = 1,102.5 − 495 = kg 607.5
Badiliko la nyuma = −52.5 − 55 = −kg 107.5

Hakiki: 607.5 − 107.5 = 500, sawa na tofauti ya injini mbili (1,050 − 550).

Zingatia jibu hili. Injini imeongezeka kilo 500, lakini ekseli ya mbele imeongezewa kilo 607.5. Alama ya kutoa kwenye mzigo wa nyuma haina maana kwamba kuna uzito ulio chini ya sifuri. Ina maana kwamba injini mpya inainyanyua kidogo ekseli ya nyuma, na ekseli ya mbele ndiyo inayolipa.

4. Mfano wa 2: Vinavyofuatana na injini

Injini kubwa haiji peke yake. Inatoa joto zaidi, hivyo inataka rejeta kubwa zaidi. Inazungusha kwa nguvu zaidi, hivyo inataka klachi na giaboksi nzito zaidi. Tena uzito unaoandikwa na watengenezaji mara nyingi ni wa injini tupu. Injini ikimiminiwa lita 35 za oili, zimeongezeka takriban kilo 31. Maji ya rejeta nayo ni karibu kilo moja kwa kila lita.

*Katika lori la Mfano wa 1, uzito wa injini zote mbili ulikuwa pamoja na oili na maji. Giaboksi mpya imezidi ya zamani kwa kg 120, na kitovu chake kiko m 1.0 nyuma ya ekseli ya mbele. Rejeta na kipoza hewa vimezidi vya zamani kwa kg 60, na viko m 1.0 mbele ya ekseli ya mbele. Kabla ya kazi, lori likiwa na mzigo wake kamili, mizani ilionyesha kg 4,200 kwenye ekseli ya mbele. Itaonyesha ngapi baada ya kazi?*

Suluhisho

Giaboksi: 120 × 3.0 ÷ 4.0 = kg 90
Rejeta na kipoza hewa: 60 × 5.0 ÷ 4.0 = kg 75
Injini (Mfano wa 1): kg 607.5
Jumla ya ongezeko = 607.5 + 90 + 75 = kg 772.5

Uzito mpya wa ekseli ya mbele = 4,200 + 772.5 = kg 4,972.5

Ongezeko hilo ni zaidi ya asilimia 18. Rejeta nayo inafundisha jambo: ni nusu ya ongezeko la giaboksi kwa kilo, lakini imetua mbele karibu sawa na giaboksi, kwa sababu ya mahali ilipo.

5. Uwezo wa ekseli ni uwezo wa kiungo chake dhaifu

Sasa tuna kilo 4,972.5. Je, ekseli inaziweza? Hapa lazima tujue neno "ekseli" lina maana gani. Si ile boriti ya chuma peke yake. Mzigo unapita kutoka kwenye chesisi hadi barabarani kwa njia hii:

chesisi → springi → boriti → kingipini → beringi → rimu → tairi → barabara

Breki na stelingi nazo ziko ndani ya mnyororo huo, kwa sababu zimeundwa kwa uzito maalumu. Mnyororo hukatika kwenye pete iliyo dhaifu, si kwenye pete iliyo nene. Tuseme lori letu lina sehemu hizi:

| Sehemu | Uwezo kwa ekseli nzima |
|---|---|
| Springi mbili | kg 4,800 |
| Breki za mbele | kg 5,000 |
| Tairi mbili, kila moja namba ya mzigo 141 | kg 5,150 |
| Boriti na kingipini | kg 5,400 |
| Beringi na rimu | kg 5,400 |

Namba ya mzigo husomwa ubavuni mwa tairi. Namba 141 inamaanisha kilo 2,575 kwa tairi moja, hivyo mbili ni kilo 5,150. Uwezo huo ni wa tairi lenye upepo uliopendekezwa. Tairi lenye upepo pungufu halifiki hapo.

Mtu akiangalia boriti tu atasema: 4,972.5 ni ndogo kuliko 5,400, kazi imekwisha. Lakini uwezo wa mnyororo huu ni kg 4,800. Ekseli imezidiwa kwa kg 172.5.

*Tahadhari.* Usichanganye uwezo wa ekseli na kikomo cha sheria. Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu ekseli moja ya mbele yenye tairi mbili kubeba hadi tani 8. Kikomo hicho kimewekwa kulinda barabara. Lori letu litapita mizani ya barabarani bila faini, huku springi zake zikiwa zimezidiwa. Kikomo kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo: cha sheria, au cha ekseli yenyewe kilichoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji.

6. Kinachotokea ndani ya boriti

Boriti ya ekseli ya mbele ya lori hufuliwa kwa chuma, na ukiikata katikati utaona umbo la herufi I. Magurudumu yanaisukuma juu kwenye ncha zake mbili. Springi zinaikandamiza chini kwa ndani. Kwa hiyo boriti inapindwa: upande wa chini unavutwa, upande wa juu unabanwa. Chuma kilicho juu na chini kabisa ndicho kinachofanya kazi kubwa. Kilicho katikati kinafanya kazi ndogo. Ndiyo maana watengenezaji huweka chuma kingi juu na chini na kupunguza katikati.

Tuchukue umbali kati ya gurudumu na kikalio cha springi kuwa m 0.5, graviti N 10 kwa kila kilo, na tupuuze uzito wa magurudumu na ekseli yenyewe.

Kabla: kila gurudumu hubeba kg 2,100 = N 21,000
Momenti ya kupinda = 21,000 × 0.5 = Nm 10,500

Baada: kila gurudumu hubeba kg 2,486.25 = N 24,862.5
Momenti ya kupinda = 24,862.5 × 0.5 = Nm 12,431.25

Boriti haitapinda mbele ya macho ya fundi. Lori litatoka gereji likiwa limenyooka, na mwenye lori atafurahi. Lakini kila shimo na kila tuta linaipinda boriti na kuiachia, mara maelfu kwa maelfu. Metali inayopindwa na kuachiwa hivyo huchoka, hata kama kila mpindo mmoja ni mdogo kuliko ule wa kuivunja. Ufa mwembamba huanza juu ya uso wa chuma, mara nyingi penye mkwaruzo, kutu au alama ya kuchomelea, kisha unakua kidogo kidogo. Siku chuma kilichobaki kikiwa hakitoshi, kinakatika ghafla.

Kwa hiyo hoja ya "mbona lile lori limetembea mwaka mzima" haithibitishi kwamba ekseli inatosha. Inaonyesha tu kwamba ufa, kama upo, haujafika mwisho. Na ekseli inayokatika hapa ni ile inayoshika usukani.

7. Breki: kwa nini nafasi iliyobaki si yako

Dereva akikanyaga breki, uzito huhamia mbele. Kiasi kinachohamia hupatikana hivi:

Kani inayohamia = tungamo la gari × mpunguo wa mwendo × kimo cha kitovu cha graviti ÷ umbali kati ya ekseli

*Lori lenye jumla ya kg 12,000 linapunguza mwendo kwa m 4 kwa sekunde kwa sekunde. Kitovu chake cha graviti kiko m 1.2 juu ya barabara, na umbali kati ya ekseli ni m 4.0.*

Kani inayohamia = 12,000 × 4 × 1.2 ÷ 4.0 = N 14,400

Ni kama kilo 1,440 zaidi zimewekwa mbele kwa muda ule breki zinaposhika. Mtengenezaji analijua hilo. Uwezo anaouandika ni wa gari lililosimama. Nafasi ya breki, mashimo na kona tayari ameiacha ndani ya hesabu yake. Anayesema "watengenezaji huacha nafasi, tuongeze kidogo" anaila nafasi iliyowekwa kwa ajili ya siku mtoto atakapovuka barabara ghafla.

8. Marekebisho

*(a) Kuongeza mabapa ya springi.* Ndilo jambo linalofanywa sana. Pua ya lori inanyanyuka na macho yanaridhika. Kwa lori letu, pete iliyokuwa dhaifu imeimarishwa, lakini inayofuata ni breki, kg 5,000. Nafasi iliyobaki ni kg 27.5 tu, chini ya uzito wa utingo mmoja. Springi ngumu zimeficha dalili bila kuongeza uwezo wa breki, tairi wala boriti.

*(b) Kusogeza injini nyuma.* Kila sentimita ina faida. Injini ya kg 1,050 ikisogezwa nyuma m 0.6 inapunguza mbele 1,050 × 0.6 ÷ 4.0 = kg 157.5. Mara nyingi kabini hairuhusu.

*(c) Kuchagua injini nyepesi zaidi.* Injini ya lita 8 au 9 inaweza kutosheleza haja ya mwenye lori bila kugusa ekseli. Tazama swali la 2.

*(d) Kubadili ekseli nzima.* Hii ndiyo njia kamili: boriti, kingipini, beringi, breki, springi, rimu, tairi na stelingi vya daraja moja, vinavyokubaliana na chesisi. Gharama yake ihesabiwe pamoja na bei ya injini kabla ya kununua injini, si baada.

Kwa njia yoyote ile, kazi huanzia na kuishia kwenye mizani: pima kila ekseli peke yake kabla ya kazi, kokotoa, kisha pima tena baada ya kazi, lori likiwa na mafuta, watu na mzigo wake.

9. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kutoa uzito wa injini mbili na kuliita jibu hilo ongezeko la mbele, bila kutumia momenti.
- Kupima umbali kutoka ekseli ya mbele huku egemeo likiwa ekseli ya nyuma.
- Kusahau giaboksi, rejeta, oili na maji.
- Kutaja uwezo wa boriti kama uwezo wa ekseli nzima.
- Kuchukua tani 8 za sheria kuwa uwezo wa kila ekseli ya mbele.

10. Maswali ya kujipima

Tumia lori la mifano iliyotangulia.

1. Betri zenye kg 80 ziko juu kabisa ya ekseli ya mbele. Zikihamishiwa m 3.0 nyuma yake, ekseli ya mbele itapungukiwa kilo ngapi?
2. Badala ya injini ya kg 1,050, imefungwa ya kg 900 ambayo kitovu chake kiko m 0.1 nyuma ya ekseli ya mbele. Giaboksi na rejeta ni zilezile za Mfano wa 2. Je, uwezo wa ekseli unatosha?
3. Mwenye lori amefunga tairi zenye namba ya mzigo 144, yaani kg 2,800 kila moja. Uwezo wa ekseli umekuwa ngapi?
4. Eleza kwa nini boriti iliyozidiwa inaweza kufanya kazi kwa miezi mingi kisha ikakatika ghafla.

Majibu kwa ufupi

1. 80 × 3.0 ÷ 4.0 = kg 60.
2. Injini mpya mbele: 900 × 3.9 ÷ 4.0 = kg 877.5. Ongezeko: 877.5 − 495 = kg 382.5. Pamoja na giaboksi na rejeta: 382.5 + 90 + 75 = kg 547.5. Uzito wa mbele: 4,200 + 547.5 = kg 4,747.5. Unatosha, lakini nafasi iliyobaki ni kg 52.5 tu, kwa hiyo ni lazima kipimo cha awali kiwe kilijumuisha mafuta na watu wote kabini.
3. Bado ni kg 4,800. Tairi halikuwa kiungo dhaifu; springi ndizo.
4. Kila mpindo mmoja ni mdogo kuliko wa kuivunja boriti, lakini mipindo mingi huichosha metali. Ufa huanza juu ya uso wa chuma na kukua polepole. Chuma kilichobaki kisipotosha kubeba mzigo, boriti hukatika kwa mara moja.